Mpishi Aliyekimbia Chakula Chake

Wenzangu wa kikundi, tangu nirudi siwezi kununua hata fungu la nyanya kwa amani. Kila ninayekutana naye sokoni ananishika mkono: "Enhe, ilikuwaje huko?" Nikimweleza mmoja nusu, yeye anampelekea mwenzake nusu ya ile nusu, na juzi nimeambiwa kwamba nilipigana na bibi kizee wa Kiha kwa sababu ya pilau. Sikupigana. Kwa hiyo naandika yote mara moja, anayesoma amsomee mwenzake, nami nipumzishe koo.

Kwa wale ambao hawakuwepo siku ile kwangu, jambo lenyewe lilianza hivi. Mdogo wangu Zuhura ni mkunga, na serikali imempanga kituo cha afya kimoja huko kata ya Kagerankanda, wilaya ya Kasulu. Wafadhili wamejenga nyumba pembeni ya kituo ili wajawazito wanaotoka mbali waje kukaa humo siku zikikaribia, uchungu usiwakute porini. Vitanda vipo, magodoro yapo, vyandarua vipo. Akina mama wanakuja, wanalala siku moja mbili, halafu wanafunga mizigo yao na kuondoka bila ugomvi na mtu yeyote.

Zuhura alinipigia simu. Kulikuwa na binti mmoja aitwaye Tereza. Mtoto wake wa kwanza alimzalia njiani, juu ya pikipiki, mvua inanyesha na mto umejaa, na mtoto yule hakuishi. Sasa alikuwa na mimba ya pili, amekuja na mama mkwe wake, Bibi Sabina, na bibi alitaka kumrudisha nyumbani kwa sababu binti hali chakula. "Dada, mvua zinaanza," Zuhura akasema. "Akishavuka mto ule, simpati tena."

Nikamuuliza wanakula nini. Akasema ugali na maharage, anapika mlinzi, mtu wa Singida. Nikasema basi, ugonjwa nimeujua. Mlinzi na mapishi wapi na wapi? Nanyi mkaniunga mkono, mkachanga mchele na viungo, mkanipa na ile sufuria kubwa ya shughuli ya kikundi, mkanipandisha basi. Zuhura akaenda kumwambia Bibi Sabina kwamba dada yake anakuja kutoka Tanga, mpishi wa harusi. Bibi akajibu kwamba mtu hawezi kuondoka mgeni akiwa njiani, atamngoja. Niliondoka hapa najiona daktari.

Mpaka Kahama

Ya Chalinze na Dodoma mnayajua, na ya Singida siyajui maana nililala. Nitawaambia tu habari ya sufuria. Konda alitaka iende chini kwenye buti pamoja na mifuko ya saruji. Nikamwambia, mwanangu, hii inakwenda kulisha watu, haiwezi kulala na saruji. Tukabishana mpaka abiria wakaanza kunitetea, si kwa kunipenda bali kwa sababu walitaka basi liondoke.

Nikaipakata. Ilikuwa kama kupakata gurudumu la trekta. Lakini jirani yangu, mama mmoja aliyekuwa anakwenda Nzega, alikuwa na mtoto mchanga anayelia, na mikono yake imechoka. Nikamwambia weka humu. Tukatandika kanga mbili ndani ya sufuria, tukamlaza, na basi likawa linambembeleza. Alilala mpaka mama yake aliposhuka. Konda alipita akatazama ndani, akatikisa kichwa, hakusema kitu tena juu ya saruji.

Kasanda, tulipokaa bila kupanga

Kahama nilibadili basi. Siku hizi lami imenyooka kutoka Nyakanazi kwenda Kakonko, na vilima vimeanza kupanda na kushuka, kijani kila upande, migomba na mihogo, nikasema leo leo nitafika. Nilisema mapema. Tulipofika Kasanda rejeta ilianza kufuka, dereva akaegesha, abiria wote wakashuka kumsaidia kuitazama.

Maji yalikuwa bondeni. Dereva akanijia kwa heshima zote: "Mama, tuazime hiyo sufuria." Nikakataa. Nikatazama abiria, nikatazama jua, nikamkumbuka Tereza, nikampa. Ilirudi na maji, ikarudi tena, na tena, na kila safari moyo wangu ulikwaruzika pamoja nayo. Baadaye niliisugua kwa majivu huku namsimanga dereva, naye anacheka tu.

Hapo barabarani kulikuwa na mama anauza viazi vitamu vya kuchemsha. Nikamwomba kiazi kimoja kikubwa. Akakichukua, akakivunja ncha, ile ncha akaitia mdomoni mwake, akatafuna taratibu huku ananitazama, ndipo akanipa kilichobaki.

"Mama," nikamwambia, "hicho si changu?"

"Ego, ndiyo, ni chako," akasema. "Kula."

Nikala, kilikuwa kitamu, lakini nilinuna. Nikajiambia huyu ndiye muuzaji wa kwanza niliyemwona anakula bidhaa mbele ya mnunuzi kisha anamkaribisha. Niliwasimulia abiria wa Dar waliokuwa karibu nami, tukamcheka pamoja. Ningefunga mdomo nikafikiri kidogo, safari hii ingekuwa fupi sana kuisimulia.

Kibondo, kwa Mzee Hamdani

Tuliingia Kibondo magharibi, na dereva akatangaza kwamba rejeta haiendi Kasulu mpaka ipate fundi asubuhi. Nikaingia duka la kwanza nililoliona lenye mwanga kuuliza nyumba ya wageni. Mwenye duka, Mzee Hamdani, alinisikia nikisema maneno mawili tu akauliza, "Wewe ni wa Tanga, au naota?" Kumbe babu yake alikuja huku akitokea Pangani na biashara ya chumvi, na yeye mwenyewe Pangani hajawahi kuiona. Alinipeleka kwa mkewe, nikalala huko, baada ya kuulizwa habari za Pangani mpaka nikaanza kutunga.

Asubuhi, tukisubiri fundi, mke wa Mzee Hamdani alinipeleka kwa rafiki yake, Mama Filberta. Huyu ni mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wafugaji nyuki. Zamani, akasema, asali ilikuwa kazi ya wanaume kwa sababu mizinga ilikuwa juu ya miti, na mwanamke akipanda mti kijiji kizima kinakuja kutazama. Mradi mmoja ukawaletea mizinga ya masanduku, inaning'inia usawa wa kiuno. "Sasa nyuki wanatuuma tukiwa chini," akasema Mama Filberta, "na watoto wanavaa sare za shule. Wanaume wamebaki na miti yao."

Nilimpenda papo hapo. Akafungua ndoo, akachota asali kwa kijiko. Nikanyoosha mkono. Yeye akakipeleka kijiko kinywani mwake, akalamba, akachota tena kwa kijiko kilekile, ndipo akanipa.

Mnanijua. Nilikigeuza kile kijiko, nikakifuta kidogo kwa pembe ya kanga, nikidhani haoni. Aliona. Uso wake ulipoa kidogo, na mke wa Mzee Hamdani akaanza kuzungumzia hali ya hewa. Pamoja na hayo, nilipoeleza ninakokwenda, Mama Filberta alijaza galoni ndogo na kuikaza kifuniko: "Wape akina mama. Mkono mtupu haulambwi." Niliona haya na sikujua hasa kwa nini.

Hapo hapo simu ikalia. Zuhura. "Dada, uko wapi? Unga waliokuja nao umekwisha. Bibi anasema huyo mgeni wa Tanga ni wa hadithi. Anasema kesho asubuhi wanaondoka."

Kasulu, na kofia ya alumini

Kasulu nilifika mchana. Nilikula ugali wa muhogo na samaki aitwaye mgebuka, wa kukaanga kwa mawese, na kama si haraka ningebaki hapo mpaka leo. Magari ya kwenda kijijini kwa Zuhura yalikuwa yamekwisha kuondoka, kwa hiyo nikapata pikipiki, kijana mmoja aitwaye Yusto. Mchele na viungo tulifunga nyuma, galoni ya asali mbele yake, na sufuria nikaifunga mgongoni kwa kanga kama mtoto.

Yusto alikuwa dereva mzuri mwenye kasoro moja: adabu. Huko watu hawasalimiani kwa kupunga mkono. Kila mzee tuliyekutana naye, Yusto alisimamisha pikipiki, akashuka, akashika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, "Mwakeye," wakaulizana habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, za mvua. Nikamwambia, "Mwanangu, tuna haraka, kuna mgonjwa wa njaa."

"Mama," akasema, "nikimpita huyu mzee bila salamu, tukikwama mbele nani atatusukuma?"

Tukakwama mbele. Mvua ilitukuta kwenye utelezi, udongo mwekundu ukashika matairi kama unga uliokolezwa maji, na mimi nikavua sufuria mgongoni nikaivaa kichwani. Hapo ndipo wazee wale wawili watatu tuliowasalimu walipotokea nyuma yetu na vijana wao. Walisukuma pikipiki huku wananitazama, mama mnene wa Tanga aliyevaa sufuria, matone yanapiga juu yake kama ngoma. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini kwenye matope, nami nikacheka nao. Nilifika kwa Zuhura nimelowa tepetepe, nikamkuta amesimama mlangoni, akanikumbatia na matope yangu yote.

Kagerankanda, na sinia la pilau

Ile nyumba ni nzuri, wenzangu. Nataka mjue hivyo. Ina madirisha makubwa na sakafu safi. Siku ile walikuwamo wajawazito wanne, kila mmoja na mwenzake aliyemsindikiza. Tereza alikuwa kitanda cha mwisho, mdogo wa umbo, tumbo kubwa, macho makubwa, mashavu yameingia ndani. Pembeni yake Bibi Sabina, amenyooka kama mchi, anatengeneza fundo la mzigo. Alinisalimu vizuri sana, akasema amefurahi kwamba mgeni amefika salama, na kwa kuwa amefika salama, basi asubuhi wao wanaondoka.

Nikasema moyoni, ngoja uonje mkono wangu.

Asubuhi na mapema, kabla mtu hajafunga kamba ya viatu, nilikuwa jikoni kwa Zuhura, nyuma ya nyumba yake. Nilimtuma mlinzi nyama. Nilikaanga vitunguu mpaka vikawa rangi ya kahawa, nikatia viungo vyenu vyote, harufu ikaenda mpaka chumba cha sindano. Nilipika pilau kama la harusi ya mwanangu. Nikapakua kwenye masinia, nikafunika kwa kawa, nikabeba mwenyewe, nikaweka katikati ya chumba juu ya mkeka, nikapitisha maji ya kunawa. Kisha nikafanya kama tulivyolelewa. Nikasema karibuni, kuleni kwa nafasi, nikamvuta Zuhura mkono tukatoka nje, maana mgeni hasimamiwi akila.

Tulikaa barazani. Zuhura akaniambia hata mlinzi yeye ndiye aliyemfundisha hivyohivyo, aweke chakula, awaachie faragha. Nikamsifu kwa kukumbuka adabu za kwetu. Tulisikiliza. Ndani kimya kabisa. Nikasema, unasikia? Wanakula hata maneno hawana.

Tuliporudi kawa hazijaguswa.

"Jamani, vipi?" nikauliza.

"Tumeshiba," akasema mmoja kwa sauti ndogo. "Tumeshiba, mama, asante," akasema mwingine. Tereza alitazama sinia, nami niliona koo lake likimeza mate. Bibi Sabina alikaza fundo. "Chakula kizuri," akasema. "Mungu awabariki. Sisi tunakwenda, mawingu yale pale."

Niliumia. Sitaficha. Nilikuwa nimepita nusu ya nchi na sufuria mgongoni, na watu wenye njaa walikuwa wanalikataa pilau langu kwa heshima. Zuhura alianza kumsihi bibi, akamkumbusha mto, akamkumbusha yule mtoto wa kwanza. Bibi alimjibu kwa upole: "Mwanangu, mtoto alikufa, namjua, nilimzika mimi. Lakini huyu hawezi kuzaa na tumbo tupu. Kwangu atakula."

Mimi nilikuwa sijatia kitu mdomoni tangu ule mgebuka wa Kasulu. Njaa ikakutana na hasira. Nikaketi kitako palepale kwenye mkeka, nikafunua kawa, nikasema, "Hamtaki, basi hakitatupwa." Nikatia mkono katikati ya sinia, nikafinyanga tonge la kiume, nikatia mdomoni. Nikala jingine. Nilikula kwa kisirani, mafuta yananitiririka mpaka kwenye kiwiko, ningeonekana na mama yangu angenikana.

Nilipoinua macho wote walikuwa wananitazama. Bibi Sabina ameacha fundo. Alinitazama nikitafuna, akanitazama nikimeza, akangoja kidogo. Kisha akavuta kigoda, akanawa, akasogea mpaka goti lake likagusa langu, akachota, akala. Akageuka: "Tereza. Njoo ule."

Yule binti hakutembea, alikuja kwa magoti kutoka kitandani. Wengine wakafuata. Sinia la kwanza lilikwisha, la pili likafunuliwa, na kabla hawajaligusa wote walinyamaza wakaningoja mimi. Ndipo nilipoanza kuelewa, tonge liko nusu njiani.

"Bibi," nikasema, "kumbe hamkushiba."

"Tushibe nini?" akasema. "Mama wa Tanga, nisikilize. Mimi sikujui, wewe hunijui. Umekipika kule ndani hatukuoni. Umekifunika. Umekileta, halafu umekimbia. Na yule mlinzi hivyohivyo, anaweka, anakimbia. Mtu anayekimbia chakula chake, wewe ungekula?"

Nilimwona yule mama wa viazi wa Kasanda akitafuna huku ananitazama, ananihakikishia kwamba hakina sumu. Nilimwona Mama Filberta na kijiko chake, na pembe ya kanga yangu. Nilianza kucheka, nikacheka mpaka machozi, Zuhura akawa ananicheka huku analia kwelikweli.

"Sasa mbona hamkuniambia?" Zuhura akawauliza.

Akina mama walitazamana. Tereza ndiye aliyejibu, na ndiyo mara ya kwanza kuisikia sauti yake. "Sista, tungesemaje? Wewe ndiye utakayetuzalisha. Tukuambie tunakuogopa?"

Siku za kungoja

Fundo la Bibi Sabina lilifunguliwa. Mvua ilianza alasiri ileile, na habari zikaja kwamba mto umepita juu ya daraja la miti. Bibi alisikia, akamtazama mkwewe, akatoka. Baadaye nilimkuta nje peke yake anafuta macho kwa kitenge. Nilikaa karibu naye bila kusema, maana hata mimi najua mahali pa kunyamaza, ingawa hamtaamini.

Tangu hapo jiko lilihamia uani, mbele ya macho ya watu. Nilipika nao. Walinifundisha kusonga ugali wa muhogo, wakaniambia wangu ni uji uliokasirika. Bibi Sabina alijipa cheo: yeye na kila aliyepika walikaa mbele, wakala kwanza, kisha akasema "haya." Mlinzi wa Singida naye akakalishwa akale mbele ya watu, na baada ya kuonja maharage yake mwenyewe, akaanza kuyatia vitunguu.

Tereza alipata uchungu mchana mmoja mvua ikiwa imetulia. Ulikuwa mrefu. Mimi nilifukuzwa chumbani kwa sababu nasema sana, nikakaa nje na Bibi Sabina, tumeshikana mikono. Niliogopa. Nilifikiri juu ya kile kiti cha pikipiki na mto uliojaa, na binti yule akiwa huko badala ya hapa. Kisha tukasikia sauti nyembamba ya hasira, na Bibi Sabina akaniponda vidole vyangu mpaka leo kimoja hakikunjiki vizuri. Zuhura akatoka, jasho usoni, anacheka. Mtoto wa kike, mzima, mama mzima.

Bibi hakwenda kumwona mtoto kwanza. Alikwenda uani, akakoroga uji kwenye sufuria yetu, akatia asali ya Mama Filberta, akaingia nao chumbani. Akamwonyesha Tereza kikombe, akanywa funda moja mbele yake, taratibu, akameza, ndipo akampa. Tereza akanywa wote. Nami ndipo nikalia.

Kurudi

Mmeniuliza kama mtoto ameitwa jina langu. Hapana, ameitwa la bibi yake, na ni haki. Mmeniuliza pia sufuria iko wapi. Nimeiacha, na anayetaka kunilaumu aje anilaumu nyumbani. Zuhura anasema nyumba sasa imejaa, na mama mkwe wa mtu mwingine amerithi kigoda cha Bibi Sabina.

Njiani nilishuka Kibondo kwa Mama Filberta. Sikumwomba radhi kwa maneno, nilimwomba asali. Akalamba kijiko, akanipa, nikakilamba kama kilivyo, akanipigia makofi. Nimewaletea galoni nzima.

Basi Ijumaa njooni kwangu wote, nitapika pilau. Na mkiniona nimekaa katikati yenu, nimefunua sinia, nimetangulia kutia mkono kabla hamjanawa, msisukumane viwiko na kuniita mlafi. Nangojeni nimeze.